Video ya Muziki: Kanda ya Utendaji au Utungo Mpya?

Katika mada ya utafiti nyanjani, mwanafunzi hufunzwa kwamba video ni chombo cha kurekodia. Mtafiti huhudhuria sherehe, humnasa fanani akiimba na kucheza, kisha hurejea na kanda inayohifadhi sauti, maleba, ishara na miondoko. Mafunzo hayo ni sahihi. Tatizo huanza pale mtahiniwa anapoulizwa kuhusu uhifadhi wa nyimbo, naye akataja video za muziki anazozitazama kwenye runinga kana kwamba nazo zilirekodiwa na mtafiti kijijini. Jibu hilo huvutia kwa kuwa linaonyesha mwanafunzi anahusisha fasihi na maisha yake, na wapo walimu wanaolipokea bila swali. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba video ya muziki si hifadhi ya wimbo. Ni utungo wa pili unaowekwa juu ya utungo wa kwanza, na aghalabu utungo huo wa pili humwamulia msikilizaji mambo ambayo mtunzi wa maneno alikuwa ameyaacha wazi.

Jambo hili lina uzito kwa mtahiniwa. Katika karatasi ya fasihi, wimbo humjia mtupu: mishororo iliyochapishwa, isiyo na sauti wala picha. Yeye ndiye anayetakiwa kumtambua nafsineni, kuikisia hadhira, kutaja muktadha na kueleza shughuli za jamii inayohusika. Mwanafunzi aliyezoea kupokea kila wimbo ukiwa na picha yake tayari ameepushwa na kazi hiyo kwa miaka mingi. Muulize nafsineni ni nani katika wimbo anaoupenda, naye atakueleza msanii alivaa nini.

Video za muziki hugawika katika mitindo kadhaa, na mipaka yake haishikiki sana. Upo mtindo wa utendaji, ambapo tunamwona mwanamuziki akiimba. Mtindo wa kisimulizi, wenye wahusika na ploti. Mtindo wa kijazanda, unaotegemea vitu na mandhari yasiyosimulia kisa. Na mtindo wa maandishi, ambao huonyesha maneno ya wimbo kwenye skrini. Huu wa mwisho sitaukawilia. Bob Dylan alikwishaufanya mwaka wa 1965 kwa kushika makaratasi yenye maneno na kuyaangusha moja baada ya jingine, mengine yakiwa yameandikwa visivyo kwa makusudi. Siku hizi wako wanaoandika visivyo bila makusudi, na mwalimu wa sarufi anaweza kupata humo zoezi zuri la kusahihisha tahajia.

Mtindo wa utendaji ndio unaotudanganya zaidi, kwa sababu unafanana na kile tunachokiita utendaji katika fasihi simulizi. Yupo mwimbaji, yapo maleba, ipo miondoko. Lakini tazama kwa makini. Mwimbaji anafuatisha kwa mdomo sauti iliyokwisha kurekodiwa studioni. Gitaa la umeme linapigwa katikati ya shamba la mahindi, na hakuna waya wowote unaoonekana. Kwaya zetu, Mungu azibariki, huimba kando ya maporomoko ya maji, na maji hayasikiki hata kidogo! Hadhira haipo, kwa hivyo hakuna wa kuitikia, wa kushangilia wala wa kumfanya fanani abadilishe ubeti. Tukikumbuka kwamba uwepo wa hadhira ndio unaoupa utendaji wetu sifa ya kubadilika kulingana na wakati na mahali, basi hapa tuna kiigizo cha utendaji, si utendaji wenyewe. Bendi ya Queen ya Uingereza ilipotengeneza video ya "Bohemian Rhapsody" mwaka wa 1975, nia mojawapo ilikuwa video hiyo isimame badala ya wanamuziki katika kipindi cha runinga. Hata hivyo, nyuso nne zinazoibuka gizani na kujirudia humo haziwezekani jukwaani. Tangu hapo kilichokusudiwa kuwa mbadala wa jukwaa kilikuwa kikifanya kazi yake chenyewe.

Sisemi kwamba mtindo huu ni duni. Chukua video ya "Nothing Compares 2 U" ya Sinéad O'Connor wa Ireland, ya mwaka wa 1990. Wimbo wenyewe ulitungwa na Prince, Mmarekani, na ukiusoma kwenye karatasi utauweka bila shaka katika kundi la nyimbo za mapenzi: mtu ameachwa na anahesabu siku. Katika video, sehemu kubwa ya muda tunaona uso mmoja tu, karibu sana, kichwa kimenyolewa. Kuelekea mwisho machozi yanamtiririka. O'Connor alieleza baadaye kwamba alikuwa akimfikiria mamake, aliyefariki mwaka wa 1985. Kwa mtazamaji anayelijua hilo, wimbo wa mapenzi umegeuka mbolezi, na hakuna neno hata moja lililobadilishwa. Tunapowafunza wanafunzi kuhusu ishara za uso, aghalabu tunazitaja kama kitoweo kinachosaidia maneno. Hapa ishara ya uso imehamisha wimbo kutoka utanzu mmojawapo wa nyimbo hadi mwingine.

Katika mtindo wa kisimulizi, maneno hupata mshindani. "Thriller" ya Michael Jackson, iliyoongozwa na John Landis mwaka wa 1983, ni ya takriban dakika 14 ilhali wimbo wenyewe hauzidi dakika 6. Wimbo unakatizwa, wahusika wanazungumza, kisha unarejea. Hapo ni vigumu kusema kama tunatazama wimbo wenye kisa au kisa chenye wimbo. Wanafunzi wetu wanaujua muundo huu kutoka kwa ngano, ambazo nyingi zina wimbo katikati. Tofauti ni kwamba katika ngano hadhira huimba pamoja na mtambaji.

Mfano ulio karibu nasi, na ambao naona unastahili nafasi pana katika ufundishaji wa fasihi simulizi, ni video ya "Ha-He" ya kundi la Just A Band la Nairobi, iliyotolewa Machi 2010. Maneno ya wimbo huu ni machache, na pekee yake usingempa mhakiki kazi kubwa. Video, kwa upande wake, inamleta Makmende, mbabe mwenye nywele za afro na mavazi ya miaka ya 1970, ambaye anapigana na genge la wahuni na kumwokoa msichana. Imepigwa kama filamu kuukuu ya mapigano, na kila ngumi inatiwa chumvi. Jina lenyewe halikubuniwa na kundi hilo. Lilikuwa likitumika mitaani Nairobi katika miaka ya 1990 kumkejeli anayejitia shujaa, na asili yake huhusishwa na maneno ya mwigizaji Clint Eastwood katika filamu ya mwaka wa 1983, yaliyotamkwa kimtaa hadi yakawa neno moja. Kwa hivyo msingi wa video ni tashtiti: aliyekuwa wa kuchekwa amefanywa jagina kweli.

Mpime Makmende kwa sifa za jagina tunazowafunza wanafunzi. Nguvu zisizo za kawaida anazo, na kutetea wanyonge anatetea. Lakini hana siri ya udhaifu wake. Fumo Liyongo alikuwa na kitovu, Lwanda Magere alikuwa na kivuli; wote wawili walisalitiwa na watu wa nyumbani. Makmende hana nyumbani, hana mwana wala mke wa kumsaliti, na kwa sababu hiyo hawezi kufa. Jagina asiyeweza kufa ni wa kichekesho, si wa tanzia, na nadhani watunzi wa video hiyo walilifahamu hilo vyema.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niipendekeze. Katika siku chache watu walianza kubuni vichekesho vyao wenyewe kuhusu Makmende na kuvisambaza mtandaoni, wakiiga mtindo wa vichekesho vya Wamarekani kuhusu mwigizaji Chuck Norris. Kila kichekesho kilikuwa chuku tupu. Havikuwa na mwandishi anayejulikana, vilibadilika vilipopita kwa mtu mwingine, na kila mtu alijiona ana haki ya kuongeza chake. Sifa hizo tunazijua: ndizo tunazotaja tunapotofautisha fasihi simulizi na fasihi andishi. Video haikuuhifadhi wimbo wa "Ha-He"; watu wengi wanamkumbuka Makmende na hawaukumbuki wimbo. Ila ilizaa kisakale cha kisasa, na kisakale hicho kikarudi vinywani mwa watu.

Mtindo wa kijazanda unatufikisha kwenye suala gumu zaidi, nalo ni tafsida. Nyimbo za mapenzi katika Kiswahili zimejengwa juu ya usitiri. Mpenzi ni ua, ni tunda, ni chombo kinachosubiri upepo, na utamu wote uko katika umbali uliopo baina ya kinachosemwa na kinachokusudiwa. Picha inaweza kuuondoa umbali huo kwa sekunde moja. Sauti Sol walipotoa "Nishike" mwaka wa 2014, mjadala wote ulikuwa juu ya video, na vipo vituo vya runinga vilivyokataa kuionyesha. Waliolalamika walizungumzia maadili. Mimi nina lalamiko la mhakiki: ombi lililomo katika jina la wimbo lingeweza kuwa na maana nyingi, la mtu anayetaka kufarijiwa, la anayeogopa kuachwa, la anayetamani. Video ilichagua moja na kuzifunga zile nyingine.

Je, picha haiwezi kabisa kusitiri? Inaweza. "Sledgehammer" ya Peter Gabriel, ya mwaka wa 1986, ni wimbo uliojaa jazanda za mapenzi ya kimwili, lakini video yake, iliyotengenezwa kwa kupiga picha moja moja na kuziunganisha, inaonyesha vitu vyenyewe: garimoshi dogo likizunguka kichwa cha mwimbaji, matunda yakijipanga juu ya uso wake. Kamera imechora kile kinachofananishwa nacho, ikakiacha kile kinachokusudiwa mahali pake gizani. Mtoto atacheka na mtu mzima ataelewa. Hivyo ndivyo fumbo linavyofanya kazi.

Taarab inalidhihirisha jambo hili kwa namna yake. Katika ukumbi, mwimbaji anapotoa fumbo kuhusu jirani mwenye kijicho, kila mwanamke aliyehudhuria anaweza kulichukua kuwa lake au kulitupa kwa mwenziwe, na yule anayeinuka kwenda kutuza mbele ya mwimbaji anaongeza maana kwa kule kuinuka kwake. Video nyingi za taarab ya kisasa humweka mwigizaji wa kike dirishani akibenua midomo, tukajua ndiye anayesemwa. Fumbo limefumbuliwa. Wimbo unabaki mtamu, bali mpasho umepoteza makali kwa kuwa haumlengi tena aliyeketi akisikiliza.

Linganisha na "Ndio Mzee" ya Professor Jay wa Tanzania, ya mwaka wa 2001, inayomkejeli mwanasiasa anayeahidi mambo yasiyowezekana huku umati ukimwitikia. Ukiusikia redioni, kinaya chote kimo katika sauti: majivuno ya msemaji na utiifu wa waitikiaji. Kila msikilizaji humchora mwanasiasa wake. Msikilizaji wa Kisumu na wa Tanga hawamchori mtu mmoja, na wote wawili wako sahihi. (Msanii mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi mwaka wa 2015, na hapo wimbo ukapata kinaya cha ziada ambacho hakuna mwongozaji wa video angeweza kukipanga.)

Kwa mwalimu mwenzangu anayetaka kuzitumia video hizi darasani, ninalopendekeza ni kubadilisha mpangilio. Wengi wetu huonyesha video kwanza ili kuwachangamsha wanafunzi, kisha tukauliza maswali. Jaribu kuwasikilizisha wimbo bila picha, na kila mmoja aandike nafsineni ni nani, anazungumza na nani, wako wapi na ni wakati gani wa siku. Majibu yatatofautiana, na yasikusumbue maadamu kila mmoja anataja neno katika wimbo linalomuunga mkono. Kisha onyesha picha bila sauti, waseme kisa wanachokiona. Mwisho unganisha vyote viwili na uulize swali moja: picha imekubaliana na maneno, imeongeza, au imepinga? Mtahiniwa anayeweza kujibu hivyo kuhusu wimbo anaoujua hatahangaika na wimbo wa wawe asioujua, kwa sababu atakuwa amezoea kuitafuta sauti ya mtu ndani ya maneno. Shule isiyo na projekta isijione imeachwa nyuma, kwani kwa hatua ile ya kwanza simu moja ya mwalimu juu ya meza inatosha.