Kikwembe Kilekile, Asubuhi Hadi Usiku

Harusi ya Katoyi, mtaa wa Goma, humpitisha mpiga picha kwenye mianga mitano kwa siku moja. Asubuhi bibi harusi anavalishwa ndani ya nyumba ya mbao, chini ya balbu ya manjano, na mlango uko wazi. Akitoka nje anasimama juu ya mawe meusi ya volkano, jua likiwa utosini. Kanisani anakuta taa ndefu zenye ukijani, alasiri anapelekwa kando ya Ziwa Kivu, na usiku ukumbi unawaka zambarau na bluu. Katika picha zote hizo mashangazi wamevaa kikwembe kilekile, kilichokatwa kwenye jora moja. Albamu ikifunguliwa, kijani cha kitambaa hicho hakina budi kuwa kimoja toka mwanzo hadi mwisho, na uso wa bibi harusi uwe uso wake. Wanaoitazama hawashangai chochote. Kutoshangaa huko ndiko kulikofanyiwa kazi.

Mji wenyewe haumpi nafuu. Goma iko chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Adhuhuri mwanga unashuka wima. Mtu aliyesimama kwenye mchanga mweupe wa pwani hurudishiwa mwanga toka chini, ukamjaza kidevuni na machoni, lakini mawe ya volkano ya Nyiragongo huumeza mwanga na kurudisha kidogo mno. Mashimo ya macho yanabaki giza. Ukimhamishia mtu huyo kivulini, chini ya turubai la bluu, anageuka bluu. Ukimsimamisha karibu na ukuta wa mabati ya kijani, shavu moja linachukua ukijani. Ngozi nyeusi hung'aa, na paji lake huokota rangi ya kila kilicho karibu, anga likiwemo. Uzuri huo humdai fundi uangalifu kuliko kitu kingine chochote kilichomo kwenye picha.

Ndiyo maana anayejua kazi hii hupiga faili ghafi. Kihisi cha kamera hakioni rangi. Kila nukta hupima wingi wa mwanga tu, na juu yake kuna kichujio chekundu, cha kijani au cha bluu. Mpangilio unaotumika zaidi ni wa Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, aliyepewa hataza mwaka 1976: nusu ya nukta ni kijani, robo nyekundu, robo bluu. Faili ghafi huhifadhi vipimo hivyo kama vilivyo, mara nyingi kwa biti 14, yaani ngazi 16,384, wakati JPEG inabakiwa na 256 kwa kila rangi. Rangi huzaliwa baadaye, programu inapozidisha nyekundu na bluu kwa namba fulani ili kitu cha kijivu kitoke kijivu. Namba hizo ndizo mizani ya weupe, na uamuzi wake unabaki mikononi mwa fundi, si mwa mashine.

Ufundi wenyewe unaanza kabla ya kompyuta kuwashwa. Kamera ikiachiwa ijichagulie mizani, hubahatisha upya kila picha. Bibi harusi akipita mbele ya ukuta wa kijani, kamera inajitahidi kuufuta ukijani, na uso wake unaelekea uwaridi. Hatua mbili mbele, uso umebadilika tena. Kwa hiyo fundi huifunga mizani kwenye thamani moja, tuseme Kelvini 5,500, hata pale anapojua kuwa si sahihi kwa mwanga huo. Picha 100 zilizokosea kwa namna moja hurekebishwa kwa mkupuo mmoja. Zilizokosea kila moja kivyake zitamkesheza. Kisha, kila mwanga unapobadilika, anampa mtu kadi ya kijivu aishike usoni na anapiga picha moja. Hicho ndicho kipimo chake cha pale.

Akiwa na kamera mbili, kazi huongezeka, kwa sababu vichujio vya kihisi kimoja si sawa na vya kingine. Hapo huhitajika kadi ya miraba 24, ambayo nayo ilitoka mwaka 1976. Kila kamera huipiga picha kadi hiyo chini ya jua, na programu hutengeneza profaili ya kila moja, zikaanza kuona karibu sawa. Mraba wa kwanza kabisa wa kadi hiyo ni wa ngozi nyeusi. Nalipenda jambo hilo, nikikumbuka kwamba kwa miongo mingi maabara za filamu zilirekebisha mashine zake kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Hata hivyo mraba mmoja hautoshi. Ndani ya familia moja ya Goma kuna weusi wa aina nyingi, na kadi haimjui hata mmoja wao. Fundi anawajua.

Hapo kikwembe kinaingia kazini. Familia imejishonea kipimo chake chenyewe: kitambaa kimoja mwilini mwa watu 30, kivulini na juani, na kipande chake kimebaki kabatini. Bibi yeyote anaweza kukitoa na kukilaza juu ya albamu. Fundi mzuri huomba kipande hicho akae nacho mezani.

Mezani nako kuna adui, ambaye ni jicho. Ukitazama skrini yenye umanjano kwa muda, umanjano hugeuka weupe machoni pako. Kompyuta nyingi hufifisha mwanga umeme ukikatika na betri ikishika zamu, na picha iliyong'arishwa wakati huo hutoka imepauka. Basi skrini hupimwa kwa kifaa, weupe wake ukawekwa kwenye Kelvini 6,500, kile kipengele cha kuipaka umanjano usiku kikazimwa, pazia likafungwa. Fundi huchagua picha moja kwa kila mwanga, huirekebisha kwa kadi, hunakili marekebisho kwa jirani zake zote, kisha huzipanga zote ndogondogo kwenye skrini. Jicho lisiloweza kuhukumu picha moja ikiwa peke yake huikamata papo hapo ile iliyopotoka kati ya 30.

Yapo yasiyorekebishika. Taa duni ya ukumbini isiyotoa wekundu wa kutosha haiwezi kuzidishwa ikautoa. Na wekundu ukijaa kwenye kihisi, umejaa. Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, anga la Goma liliwaka. Katika mwanga kama ule nukta nyekundu hufika kikomo kwanza huku kijani kikiendelea kupanda, na ndiyo maana anga lilelile laweza kutoka jekundu kwenye kamera moja na la chungwa kwenye nyingine. Dawa ni kupiga giza kidogo na kuinua baadaye, jambo ambalo faili ghafi huliruhusu.

Mji huu una wapiga picha ambao dunia imewaona. Pamela Tulizo alishinda tuzo ya picha ya Dior kwa vijana mwaka 2020. Mwaka huohuo Moses Sawasawa, Arlette Bashizi na Guerchom Ndebo walishiriki mradi wa Congo in Conversation, ulioongozwa na mpiga picha Finbarr O'Reilly. Mashindano ya World Press Photo hudai faili za asili za picha zinazofika mwishoni, ili majaji waone fundi alichokuta na alichoongeza. Mpiga picha wa harusi hadaiwi na jaji yeyote, naye hufanya kazi kwa uaminifu uleule.

Kwa hiyo siku yako ikifika, na mpiga picha akakusimamisha mlangoni, jua likikuchoma, wageni wakiita, akakuomba ushike kadi ya kijivu chini ya kidevu, usimharakishe. Ishike, iinamishe kuelekea mwanga kama atakavyokuelekeza, na umwachie kipande cha kikwembe.