Mwanamke Shujaa katika Filamu: Silaha na Uamuzi

Filamu huwafikia hata wale wasiosoma vitabu. Kwa hiyo sura ya mwanamke inayojengwa humo si jambo la kupuuzwa na mwalimu ye yote. Kwa miaka mingi mwanamke wa filamu za mapambano alikuwa mtu wa kutekwa, kulia na kuokolewa. Siku hizi anashika bunduki, anapanda farasi na kuwaangusha wanaume. Badiliko hilo hatulidharau. Lakini yatupasa kuuliza: je, aliyekabidhiwa silaha amekabidhiwa pia uamuzi?

Tuchukue Coffy, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1973. Pam Grier anaigiza muuguzi anayewasaka wauza heroini waliomharibu mdogo wake. Ilikuwa hatua kubwa kumweka mwanamke mweusi katikati ya hadithi, tena mwenye akili na uthubutu. Hata hivyo kamera haichoki kumvua nguo, na mojawapo ya njia zake za kuwafikia maadui ni kujifanya malaya. Anapiga kama shujaa, lakini anatazamwa kama bidhaa.

Katika Alien ya mwaka 1979, wahusika waliandikwa bila kubagua mume na mke. Nafasi ya Ripley ikapewa Sigourney Weaver. Kwa sababu hiyo Ripley hahitaji kisa cha mapenzi wala kisasi ili aonekane jasiri. Anashikilia sheria ya karantini wakati wenzake wanapotaka kuivunja, na yaliyofuata yanathibitisha kwamba alikuwa na haki. Lakini katika Aliens ya mwaka 1986 ujasiri wake ulitafutiwa sababu: kumlinda mtoto Newt. Umama si udhaifu hata kidogo. Kosa ni kudhani kwamba mwanamke hapigani ila kwa uchungu wa mwana.

Kasoro hiyo inajitokeza tena katika The Woman King ya mwaka 2022, inayowahusu Agojie, askari wanawake wa ufalme wa Dahomey, katika Benin ya leo. Viola Davis anaigiza Nanisca, jemadari mwenye makovu na hekima, na mazoezi ya kikosi chake yanaonyesha nguvu ya umoja. Lakini hatimaye vita vya taifa vinageuka kisasi cha mwanamke aliyenajisiwa na kisa cha mtoto aliyepotea. Tena filamu inamfanya Nanisca amshawishi Mfalme Ghezo aache biashara ya watumwa na kushika ile ya mawese. Historia ni chungu zaidi: biashara hiyo iliendelea chini ya Ghezo, na Agojie wenyewe walishiriki katika kuwateka waliouzwa. Mwanamke aliyetakaswa hivyo hapewi heshima. Ananyimwa uzito wa kuwajibika kwa matendo yake.

Linganisha na Sambizanga ya Sarah Maldoror, iliyotengenezwa mwaka 1972 kuhusu Angola. Maria hashiki silaha yo yote. Amembeba mtoto mgongoni, anatembea kutoka gereza hadi gereza akimtafuta mumewe aliyekamatwa na Wareno. Anaanza na jambo la nyumbani mwake, lakini kila mlango anaofungiwa unamfunulia mtazamaji jinsi utawala wa kikoloni ulivyofanya kazi, na wanawake wanaompokea wanaligeuza jonzi lake kuwa la wote. Kweli, mipango ya ukombozi humo bado imo mikononi mwa wanaume, na hilo lafaa kuhojiwa. Lakini ujasiri wa Maria una watu na una historia.

Sisi nasi tuna kipimo karibu. Mwaka 1967 FRELIMO iliunda Kikosi cha Wanawake, na mafunzo yakafanyika Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Josina Machel, mmoja wao, alifariki Dar es Salaam mwaka 1971. Wanawake hao walibeba silaha, lakini pia walifundisha, waliwatunza yatima na kuwashawishi wanavijiji. Mambo hayo yote yalikuwa vita.

Basi mwanafunzi anapoitazama filamu ya aina hii, asihesabu maadui walioanguka. Aulize: nani anaamua? Anapigania nini? Yuko pamoja na nani? Filamu isiyoweza kujibu maswali hayo imempa mwanamke bunduki, lakini bado haijampa ushujaa.