Mabepari wa Venisi: Neno Lililokwisha Hukumu

Kuna kosa moja tunalolifanya sana katika semina zetu. Tukiulizwa maana ya neno tunakimbilia kamusi, na tukishaisoma tunafunga mjadala. Lakini neno halibebi maana ya kamusi peke yake. Hubeba pia sifa au lawama. Kwa tendo lile lile mtu anaweza kuitwa mwerevu, mjanja au mlaghai, na msikilizaji akawa amekwisha hukumu kabla ya kusikia kisa chenyewe. Mfano ninaotaka kuujadili uko juu ya jalada la kitabu: Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthiliya ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1969.

Mwenzangu mmoja alidai kwamba kichwa hicho ni kosa la tafsiri. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja tu, naye ni Antonio, mtu mwema anayekopesha bila riba. Sasa kwa Kiswahili kawa bepari, tena kaongezewa wenzake! Hoja hiyo si ya kupuuzwa.

Tuanze na neno lenyewe. Bepari limetoka lugha za Bara Hindi, na huko ni mfanyabiashara tu. Kamusi za Kiswahili za zamani zililieleza hivyo hivyo, bila lawama. Majirani zake nao wana uzito wao. Mchuuzi ni mtu mdogo, tunamwonea huruma kidogo. Tajiri, ambaye kwa Kiarabu ni mfanyabiashara, kwetu amekuwa mwenye mali, na hata mwajiri. Mlanguzi ndiye aliyelaaniwa katika msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Na bepari je? Kufikia Azimio la Arusha, mwaka 1967, halikuwa jina la kazi tena. Lilikuwa jina la adui, likitajwa pamoja na mnyonyaji na kupe.

Wapo watakaosema kuwa mfasiri alitumia maana ile ya zamani. Sawa, lakini swali la mhakiki ni jingine: msomaji wa 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio, alisikia nini? Alisikia shutuma, basi.

Sasa twende mahakamani. Portia anaingia akiwa amejigeuza mwanasheria, na mapema kabisa anauliza yupi ni mfanyabiashara na yupi ni Myahudi. Angalia swali hilo linavyowatenga watu wawili: mmoja anatajwa kwa kazi yake, mwingine kwa asili yake, kana kwamba asili hiyo ndiyo kosa. Kichwa cha Kiswahili kinamjibu Portia kwamba wote ni mabepari. Na tamthiliya yenyewe inalitetea jibu hilo, maana katika onyesho hilo hilo Shylock anawakumbusha Wavenisi kwamba wao nao wana watumwa waliowanunua kwa fedha zao. Anayedai ratili moja ya nyama na anayenunua mtu mzima, nani mbaya zaidi? Kwa maoni yangu wingi ule wa "ma-" umepunguza mzigo uliokuwa mgongoni mwa Myahudi peke yake, na hiyo si faida ndogo.

Hasara ipo pia, na hapa nakubaliana na mwenzangu. Antonio anaufungua mchezo akiwa na huzuni asiyoijua chanzo chake. Ukishamwita bepari, msomaji anamnunia kabla hajamsikiliza, na mapenzi yake kwa Bassanio yanaonekana kama hesabu za dukani. Neno limemnyima nafasi ya kujitetea.

Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti ya uongozi, na baadaye masikio yetu yakazoea mwekezaji na mjasiriamali, majina yenye sifa njema kwa shughuli zile zile za kutafuta faida. Hivyo anayekisoma kitabu hiki leo hakasiriki kama yule wa 1969. Pengine anatabasamu tu. Hakuna herufi iliyobadilika. Hukumu ndiyo iliyohama.

Kwa hiyo, ndugu wahakiki, tukiipima tafsiri tusiishie kuuliza kama neno ni sahihi. Tuulize lilimsifu nani na kumlaani nani mwaka lilipoandikwa. Mwenye hoja tofauti na ailete, tujadiliane.