Slasha ya Futi 5 Nyuma ya Massey 135

Masika yakishapita, nyasi chini ya minazi na miembe ya Malindi hufika kiunoni, na panga pekee halimalizi shamba. Mwenye shamba mmoja wa Shella alipata slasha ya mtumba, akataka ifungwe kwenye Massey Ferguson 135 lake, trekta lililoanza kuuzwa mwaka 1964. Kazi hiyo inafaa kuchambuliwa kwa sababu wengi huianzia pasipofaa.

Wao huanzia kwenye nguvu. Injini ya Perkins ya silinda 3 ilipokuwa mpya ilitoa nguvu za farasi 45 hivi. Zinazofika kwenye PTO, ile shafti ya meno 6 inayotokeza nyuma ya trekta, ni kama 37. Slasha ya kukata vichaka huhitaji nguvu 5 hadi 6 kwa kila futi ya upana. Ya futi 6 ingezimaliza karibu zote, na injini ya umri huu haina tena zote. Futi 5 ni sawa. Wengi wakifika hapo huona hesabu imekwisha.

Kilichotakiwa kutangulia ni klachi. MF 135 yalitoka kiwandani kwa aina zaidi ya moja. Lenye klachi ya hatua mbili, ukikanyaga pedali nusu magurudumu yanasimama na PTO inaendelea kuzunguka. Lenye klachi moja, vyote viwili hukatwa pamoja. La Shella lilikuwa na klachi moja, na hatari iko hapo. Visu vya slasha ni vizito na vinazunguka kwa kasi. Dereva akikanyaga klachi ili asimame, injini imeachana na giaboksi lakini visu havijaachana na giaboksi hiyo: mzunguko wao unarudi kupitia PTO, unaingia kwenye gia na kuyasukuma magurudumu. Trekta linakwenda mbele huku mguu umeshindilia pedali, na mbele pana mnazi, ukuta au mtoto.

Huko Kanada na Norwei wanaofunga mashine ya kurusha theluji nyuma ya matrekta ya zamani hukutana na klachi hiyohiyo kwa upande wake wa pili. Wao hurudi kinyumenyume polepole. Wakisimamisha magurudumu, mashine nayo inasimama, theluji inaisakama.

Dawa ya slasha ni kiungo cha kuachia, kinachovikwa juu ya shafti ya PTO: trekta linaizungusha slasha, slasha haiwezi kulisukuma trekta. Ni kifaa kidogo, lakini kinaongeza urefu wa PTO. Ndiyo maana fundi alikivika kwanza, kisha akapima propela, yaani shafti inayounganisha PTO na slasha. Angeikata propela kabla, angelazimika kuikata tena, au mbaya zaidi, angeiacha ndefu. Propela ndefu, mikono ya hidroliki inayoibeba slasha inapopanda na kushuka, hukosa nafasi ya kujifunga na kuanza kusukuma beringi ya PTO. Fupi mno nayo huchomoka. Vipande vyake viwili vinatakiwa kubaki vimeingiana angalau theluthi moja pale vinapovutana zaidi.

Upepo wa bahari unaongeza jambo ambalo kitabu cha mashine hakilitaji. Chumvi inakula mirija ya propela hadi inagandana, na propela iliyogandana haina tofauti na ndefu. Hapa pwani lazima ichomolewe, isuguliwe na kupakwa grisi mara kwa mara.

Pini za kuifunga slasha kwenye trekta hazikusumbua, za chini zilikuwa milimita 22, saizi ya trekta hili. Uzito ulitaka hesabu. Slasha ya kilo 300, kitovu chake kikiwa mita 1.6 nyuma ya ekseli, kwa trekta lenye mita 1.83 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hupunguza mbele takriban kilo 260. Kwenye shimo au mwinuko, usukani unakuwa mwepesi na haushiki. Vyuma vya uzito vilifungwa mbele, na gurudumu la nyuma la slasha likarekebishwa libebe sehemu ya mzigo wakati wa kukata.

Ardhi nayo ina matumbawe yaliyojificha chini ya nyasi. Kisu kikigonga jiwe, bolti laini ya propela inatakiwa ikatike ili giaboksi ipone. Bolti ya awali ilikuwa imebadilishwa kwa ngumu, labda na mtu aliyechoka kuzinunua, na fundi akaitoa. Ni sawa kabisa: bolti laini ni bei ndogo, giaboksi ya slasha si bei ndogo.

Kilichokosekana ni kifuniko cha plastiki cha propela, ambacho mara nyingi hukosekana kwenye mashine za mtumba. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde, na wanaofanya kazi karibu nayo wamevaa vikoi. Kitambaa kikinaswa hakuna muda wa kupiga kelele. Mwenye trekta alitaka aanze kukata siku hiyohiyo. Fundi alikataa kuifunga propela hadi kifuniko kipatikane.