Glasi ya Maji na Kundi la Nzige

Gari limesimama gizani, mvua inanyesha. Kwenye dashibodi kuna glasi za maji. Mara maji yanatikisika, duara ndani ya duara, yanatulia, yanatikisika tena. Dinosaria mwenyewe hajaonekana, na tayari mtazamaji wa Jurassic Park ya 1993 amejikunyata kitini.

Fundi aliyepewa kazi ya kuyatikisa maji hayo, Michael Lantieri, alihangaika mpaka alipoweka glasi juu ya gitaa na kuzicharaza nyuzi. Ndipo likapatikana duara alilolitaka mwongozaji, Steven Spielberg. Uzi wa gitaa ukapitishwa ndani ya gari, mtu akalala chini akiucharaza. Jasho lote hilo kwa sekunde chache! Karakana ya Stan Winston nayo ilikuwa imeunda dinosaria wa mita 12 hivi. Ngozi yake ya mpira ikanywa maji ya mvua, mashine ikatetemeka kwa uzito, mafundi wakawa hawana kazi ila kulikausha dude. Na katika filamu ya zaidi ya saa 2, wanyama hao wanaonekana kama dakika 15 tu. Ufundi ulikuwa kuwachelewesha.

Shabiki akiilalamikia filamu ya mwendelezo, haraka huambiwa kwamba anaulilia utoto wake. Basi na itazamwe Jurassic World Dominion ya 2022. Nyota wa filamu ya kwanza, Sam Neill, Laura Dern na Jeff Goldblum, walirudishwa wote. Hata dinosaria wa kuundwa kwa mikono walikuwemo. Kama kiu ilikuwa ya mambo ya kale, maji yaliletwa kwa ndoo.

Mashabiki bado walinuna, na walikuwa na hoja. Filamu iliyotangulia, ya 2018, iliishia dinosaria wakiwa wametoroka, wamesambaa duniani. Watu walikata tiketi waone binadamu ataishije na majirani wa namna hiyo. Wakaonyeshwa nzige. Nzige wakubwa, wanaofyeka mashamba yote isipokuwa yaliyopandwa mbegu za kampuni moja! Kisa kikageuka upelelezi wa mbegu, na dinosaria wakabaki wapita njia, kabla ya wahusika kukusanyika kwenye bonde moja la milimani Italia ambako wanyama wamehifadhiwa. Waliofunguliwa juzi wakarudishwa zizini. Hofu nayo iliyeyuka: masteringi ni wengi, na kila mtu anajua steringi hafi.

Wala si kwamba mashabiki hawataki mabadiliko. James Cameron aliichukua Alien, filamu ya kunyatia ya 1979, akaizalia Aliens ya kivita mwaka 1986, na wakaipokea kwa mikono miwili.

Dominion ilivuna zaidi ya dola bilioni 1. Aliyetoka ukumbini amenuna alihesabiwa sawa na aliyetoka akicheka. Mwaka 2025 ikatoka nyingine, Jurassic World Rebirth. Safari hii wamemwongezea dinosaria mikono.