Fundi Ajuaye Pa Kuachia

Kuchimba kila mwenye mikono anaweza. Nilimtazama fundi mmoja wa Shela, kisiwani Lamu, akishuka kisimani kwa mtaimbo, akiupasua mwamba wa matumbawe kipande kwa kipande, na sikuona cha ajabu mpaka nilipomwona akilamba kidole. Nilidhani amejikata. Kumbe alikuwa anaonja. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yanachuruzika ufani, hayajajaza hata kata, naye tayari ameshapitisha mtaimbo juu. Kijana wake akamwomba waongeze kidogo, yaje mengi. "Vuta kamba, mwanangu. Hapa panatosha."

Lamu haina mto. Mvua ya masika huzama mchangani, hasa kwenye vile vilima vya Shela ambavyo wageni huvipanda kupiga picha za machweo, ikashuka polepole mpaka ikutane na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Hapo husimama. Lita ya maji ya bahari huizidi ya maji matamu kwa gramu 25 hivi, na uzito huo mdogo unatosha kuyafanya maji ya mvua yaelee juu yake. Mholanzi Badon Ghijben, na baada yake Mjerumani Herzberg mwaka 1901, waliandika kanuni yake: kila mita ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Geuza hesabu hiyo uone inavyotisha. Ukiteremsha maji ya juu kwa mita moja tu, chumvi, ikipewa muda, itapanda mita 40.

Shuleni watoto wetu huchora mzunguko wa maji: bahari, wingu, mvua, mto, bahari tena. Mtoto wa Lamu naye huchora mto huohuo, na asubuhi ameoga maji ya kisima.

Nyumba kongwe za mawe ziliyaheshimu maji hayo hata baada ya kutekwa. Birika hukaa pembeni mwa chumba cha kuogea, limepigwa chokaa, na ndani yake wanaishi visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa, sakafuni mwa birika, hufukiwa bakuli la kauri, ili maji yakipungua au birika likisafishwa samaki wapate pa kujisitiri. Kila nikilikumbuka bakuli lile nashindwa kumwelewa mtu anayeacha bomba wazi akaenda kupokea simu. Aliyelifikiria alijua maji hupungua, akamwekea nafasi hata samaki.

Watu wa kale walijua pia kuwa maji yanaweza kwisha. Ng'ambo, kisiwani Manda, mji wa Takwa ulihamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zitajwazo ni visima kuingia chumvi. Inasemwa wenyeji wake ndio waliovukia Shela. Na watu wa Shela bado huenda Takwa kuomba mvua kwenye kaburi la mnara.

Ndoo na kamba zilikuwa na rehema yake: mkono ukichoka, kisima kinapumzika, maji yanarudi kutoka pembeni. Pampu haichoki, wala haionji. Huvuta usiku kucha kujaza matangi ya nyumba za wageni, na baadhi ya nyumba hizo zimepanda juu ya vilima vilevile vinavyoinywa mvua. Mchanga wenyewe huchotwa kwa ujenzi. Shimo la choo linachimbwa hatua chache kutoka kisimani, na hakuna anayeuliza.

Na wachimbaji wa mashine hulipwa kwa mita. Kila mita ni pesa, basi nani atakayetia kidole mdomoni aseme panatosha? Maji yakitoka ya chumvi, wanasogea hatua chache pembeni, wanatoboa tena, na mita zinahesabiwa kuanzia moja.