Jina na Chapa: Wanawake Wapiga Chapa wa Karne ya 18

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuianza kazi yao pale yanapoanza maneno ya mtunzi. Ni nadra wausome mstari mdogo unaotaja aliyepiga chapa, mahali na mwaka. Hata hivyo, mstari huo nao ni matini: una mtungaji wake, hadhira yake na itikadi yake. Mifano miwili kutoka makoloni ya Uingereza huko Amerika ya Kaskazini yatosha kulithibitisha dai hili.

Mfano wa kwanza ni Elizabeth Timothy wa Charleston, South Carolina. Mumewe, Lewis, alikuwa mshirika wa Benjamin Franklin. Franklin alitoa mtambo na herufi, akabeba thuluthi ya gharama na kupokea thuluthi ya faida. Lewis alipofariki Desemba 1738, Elizabeth alishika kazi, na South-Carolina Gazette likaendelea kutoka mwezi uliofuata. Lakini jina lililochapwa gazetini lilikuwa la mwanawe Peter, aliyekuwa bado mtoto.

Franklin anasimulia habari hizi katika ile sehemu ya tawasifu yake aliyoiandika 1788. Anamsifu mwanamke huyo kwa hesabu safi alizozileta kila robo mwaka, na kwa kuweza kukinunua kiwanda mkataba ulipokwisha. Sifa hizo ni za haki. Ila hamtaji kwa jina; ni mjane wa mtu tu. Wala hasemi neno juu ya gazeti alilolitoa kila juma. Funzo analolitoa ni kwamba wasichana wafundishwe hesabu ili, wakifiwa na waume, waiendeshe biashara mpaka mtoto wa kiume akue na kuishika. Katika muundo wa masimulizi hayo, basi, mwanamke ni daraja: mume yuko ng'ambo hii, mwana yuko ng'ambo ile, na hakuna anayeuliza jina la daraja.

Mary Katharine Goddard wa Baltimore hakuolewa, kwa hiyo neno 'mjane' haliwezi kumweleza. Kuanzia 1775 gazeti la Maryland Journal lilibeba jina la M. K. Goddard. Herufi hizo mbili hazifichui kama mwenyewe ni mume au mke. Kwa msomaji wa Kiswahili fumbo ni zito zaidi, kwani 'mpiga chapa' ni nomino ya ngeli ya M-/WA- isiyobagua jinsia, na 'yeye' pia haibagui. Januari 1777 baraza la makoloni yaliyoasi liliagiza Azimio la Uhuru lichapwe pamoja na majina ya waliotia sahihi. Chini ya waraka huo, uliokuwa uhaini machoni pa mfalme, likaonekana jina lake kamili. Penye biashara herufi zilitosha. Penye hatari alijitaja waziwazi. Ujasiri huo haukumkinga. Mwaka 1789 aliondolewa katika ukuu wa posta ya Baltimore, alioushika tangu 1775, kwa hoja kwamba kazi ilidai safari asizoziweza mwanamke. Wakazi zaidi ya 200 walitia sahihi kumtetea, lakini hakurudishwa. Akabaki na duka lake la vitabu.

Hata hivyo, uhakiki unaokomea katika kuwatukuza wanawake hawa haujakamilika. South-Carolina Gazette lilijaa matangazo ya Waafrika walionadiwa na waliotoroka, na malipo ya matangazo hayo yalikuwa sehemu ya pato la kiwanda. Humo Mwafrika hutajwa mara nyingi kwa jina alilopewa na bwana wake, kwa kovu lake, na kwa zawadi ya atakayemrudisha. Mtambo uleule uliomficha Elizabeth nyuma ya mwanawe uliwavua wengine majina ya kwao. Goddard naye alimiliki mtumwa, Belinda, ambaye alimwacha huru na kumrithisha mali kwa wasia.

Yafuata kwamba haitoshi mhakiki kuuliza nani aliyetunga. Yampasa aulize pia nani aliyechapa, kwa jina gani, na ni nani aliyelipia chapa hiyo kwa jina lake mwenyewe. Bila maswali hayo, kumrudishia mwanamke mmoja jina lake kwaweza kuwa njia nyingine ya kuwasahau wale waliouzwa katika kurasa zake.